Nilivyomwita Maulidi Mwizi

Tulimzika Mwalimu Chande makaburi ya Kisutu baada ya swala ya alasiri. Waamuzi wa zamani tuliobaki tulisimama pamoja upande wa ukutani, sita tu, mmoja wetu akiegemea fimbo. Wakati udongo unarudishwa, kijana mmoja anayechezesha mpira siku hizi alinisogelea, akaniamkia, kisha akaniomba nije kuzungumza na wenzake kwenye semina yao. Mada ilikuwa jinsi mwamuzi anavyotakiwa kuishi na mashabiki. "Mzee Rashidi, wewe ulifundishwa na Mwalimu mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini, kwa kuheshimu mahali tulipo. "Tunaambiwa miaka yote uliyochezesha hukuwahi kumjibu shabiki." Nilimwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba niliwahi kujibu, mara moja, maneno matatu, na mtu akafa. Nilirudi nyumbani nikakaa siku tatu bila kupata la kumwambia yule kijana, nikaona heri niandike. Waliojua jambo lile karibu wote wamekwisha. Nimebaki mimi, na mwanamke mmoja ambaye sijui kama bado yu hai.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Aliyekuwepo Dar wakati ule anakumbuka jinsi Kariakoo ilivyobadilika mbele ya macho yetu: maduka ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu na karani anayesinzia yakajaa sabuni, vitenge, redio kaseti, na viatu vya rangi ambazo hatukujua kama viatu vinaweza kuwa nazo. Marobota ya mitumba yalikatwa kamba barabarani na watu wakayavamia kama yanagawiwa bure. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimepanga chumba kimoja Mtaa wa Mchikichi, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Nilikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi la Bwana Jayanti, Mtaa wa Sikukuu. Mitumba ilituletea kazi nyingi, maana watu walinunua mashati yamekunjamana na wakataka kuyavaa Ijumaa yakiwa yamenyooka. Nilisimama mezani kutwa na pasi ya mkaa mkononi, jasho likinidondokea kwenye kola za watu, na harufu ya nguo zile, harufu ya dawa ya kuzuia nondo, ilikuwa hainitoki hata nikioga mara mbili.

Mwalimu Chande alikuwa mteja wetu. Alifundisha shule ya msingi siku za kazi, na Jumamosi na Jumapili alichezesha mpira. Shati lake jeusi na bukta yake nyeusi nilivipiga pasi mimi. Siku moja aliniuliza kwa nini mistari ya mikono ya shati lake imenyooka kuliko ya wateja wengine. Nikamwambia napenda kumuona uwanjani akiwa nadhifu. Akaniuliza kama macho yangu ni mazuri. Nikasema ndiyo. "Njoo nyumbani Jumatano jioni," akasema. "Tuone kama na masikio yako ni mazuri."

Sebule yake ilikuwa ndogo, na jioni za Jumatano viti vilitolewa nje ili sakafu ibaki wazi. Mwalimu alichora uwanja wa mpira kwa chaki kwenye saruji, akapanga vizibo vya soda, vyekundu timu moja, vyeusi timu ya pili, na sisi vijana watano tukapiga magoti kuzunguka uwanja ule kama watu wanaotafuta kitu kilichoanguka. Alisogeza kizibo kwa kidole na kuuliza, "Huyu kaotea?" Aliyejibu haraka aliambiwa atazame tena. Mkewe, Bi Zuhura, alituletea chai ya tangawizi na chapati zilizokunjwa mara nne, na siku nyingine wali na maharage ya nazi, tukala pembeni ya chaki kwa uangalifu ili tusifute mstari wa goli. Nimekula sehemu nyingi tangu hapo, lakini nikifikiria chakula cha ujana wangu, naona sahani ile ya bati yenye maua mekundu na vumbi la chaki kwenye vidole vyangu.

Sheria za mchezo tulizimaliza mapema. Kilichobaki, na ndicho alichokirudia hadi tukachoka, ni mashabiki. Alitutaka tumtukane. Alisimama katikati ya sebule na filimbi shingoni, sisi tukimwita kipofu, mla rushwa, mwizi, na yeye akitembea taratibu na uso wake hauonyeshi chochote. Kisha akatugeuzia sisi. Kila mmoja alisimama, wenzake wakamtukana, na Mwalimu akatazama uso. Akituona tumekunja midomo alituambia tukae. "Shabiki anakutazama usoni kuliko anavyoutazama mpira," alisema. "Ukimpa uso, atakuja kila wiki kuuchukua." Akatufundisha hatua. Akizidi, zungumza na nahodha wa timu yake, si naye. Nahodha akishindwa, mwambie kamisaa wa mchezo. Kamisaa akishindwa, simamisha mpira, ukasimame katikati ya uwanja na wenzako, msubiri. Usimguse mtu. Usimwonyeshe kidole. "Nyinyi mtaitwa wezi kila Jumapili," alisema jioni moja, akifuta chaki kwa kitambaa chenye maji. "Neno hilo likitoka kwao halifiki popote, linaishia pale pale kwenye kamba ya uwanja. Likitoka kwako, uliyevaa nguo hizi, watu watalichukulia ni amri." Niliandika maneno yale kwenye daftari langu. Niliyapigia mstari kabisa, kwa rula.

Nilianza kushika kibendera kwenye ligi ya mitaa mvua za vuli zilipokwisha. Viwanja havikuwa na jukwaa wala ukuta. Kulikuwa na kamba iliyofungwa kwenye vigingi, na mashabiki walisimama nyuma ya kamba, karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Mshika kibendera anakimbia mbele yao dakika tisini akiwa amewapa mgongo. Mechi yangu ya tatu ndipo nilipomsikia Maulidi.

Maulidi alikuwa mbeba mizigo sokoni, mtu mfupi mwenye shingo nene, anayesukuma mkokoteni kutwa na bado ana nguvu za kupiga kelele jioni. Alishabikia timu ya Sikukuu, lakini nadhani alichokipenda zaidi ni kuchekesha watu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kwa mwili ule, na ilipenya. Alikuwa ameniona dukani, kwa hiyo alijua pa kushika. "Dobi," aliita, "kibendera hicho umekitoa kwenye suruali ya nani?" Watu wakacheka. Nilipoinua kibendera: "Jamani mhesabu mashati yenu, yule mwizi yuko huku." Wakacheka zaidi. Alikuwa akikimbia sambamba nami nyuma ya kamba, akiiga mwendo wangu, magoti juu, kiuno kimebinuka, na watoto wakimfuata nyuma wakiiga vilevile. Mechi ile, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Nilijitahidi na uso wangu. Lakini siku moja nilikaa barazani kwa muuza kahawa, nimewapa mgongo wanaume wawili wanaocheza bao, nikamsikia mmoja anasema, "Yule dobi anaona vizuri, hakosei. Shida yake moyo. Maulidi akimgusa kidogo tu, shingo inamvimba." Mwenzake akajibu, "Ipo siku atalia." Nilimaliza kahawa yangu nikaondoka bila wao kunitambua.

Kama ingeishia uwanjani, labda ningevumilia. Lakini utani ule ulihamia mtaani. Watoto walinipokea asubuhi kwa "mwizi wa mashati." Mama mmoja wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa jirani yetu, mteja wa siku nyingi, alikuja kuchukua kanzu za mumewe, akazikunjua moja moja mbele yangu, akazihesabu kwa sauti, akahesabu tena. Hakuwahi kufanya hivyo kabla. Zilikuwa zimetimia. Hakusema samahani, na wala sidhani kama alijua kuna la kuombea samahani. Alipoondoka, Bwana Jayanti alivua miwani yake akaifuta kwa ncha ya shati. Alikuwa mtu mpole, Mhindu mwembamba aliyezaliwa hapo hapo juu ya duka. "Rashidi, mimi najua huibi," alisema. "Lakini mteja anasikia anachosikia. Huo mpira unakulipa nini? Acha, au mnyamazishe huyo mtu." Nikamwuliza nitamnyamazishaje. Akavaa miwani yake. "Mimi sijui mambo ya mpira," akasema.

Nilimweleza Mwalimu. Alisikiliza akimenya chungwa, akanikatia kipande. Akasema atazungumza na nahodha wa Sikukuu, na kweli alizungumza naye, na Maulidi akakaa kimya mechi moja nzima, akisimama nyuma ya kamba na mkono mdomoni, akijifanya amezibwa, na watu wakacheka kuliko siku zote. Leo nikikumbuka, naona kwamba mtu yule hakuwa na ubaya nami. Alikuwa anabeba magunia ya watu toka alfajiri, hakuna anayemtazama usoni, na Jumapili alikuwa na watu mia tatu wanaomsikiliza. Wakati ule sikuona hivyo. Wakati ule, nikipiga pasi, nilikuwa natunga maneno ya kumwambia, na nilikuwa nakandamiza pasi kwenye nguo hadi siku moja nikaunguza kola.

Fainali ilichezwa Jangwani, Sikukuu na Gerezani. Mfanyabiashara mmoja alitoa redio kaseti kubwa iwe zawadi ya mshindi, akaileta mwenyewe ndani ya boksi lake na kuiweka juu ya meza ya kamisaa, watu wakaja kuitazama kama wanavyotazama bibi harusi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, kona moja ya uwanja ikawa tope, na bonde lote lilinuka maji yaliyotuama. Watu walikuwa wengi kuliko kamba. Walijaa hadi karibu na barabara kubwa, na wapita njia walisimama nao, wengine hawajui hata nani anacheza na nani. Mwalimu alikuwa mwamuzi wa kati. Kabla hatujaingia alinishika bega. "Leo wewe uko upande wao," aliniambia. "Wape mgongo tu." Nikasema sawa, Mwalimu.

Dakika za mwisho, timu hazijafungana, mshambuliaji wa Sikukuu alipigiwa mpira akiwa peke yake na kipa, akafunga. Nilikuwa nimeshainua kibendera. Alikuwa ameotea, hatua mbili kamili. Nimeirudia picha ile maisha yangu yote na haijawahi kubadilika. Mwalimu akapiga filimbi, akalikataa goli. Upande wangu ukalipuka. Nilitupiwa tope, nikapigwa mgongoni na ganda la chungwa, na katikati ya kelele zote nikaisikia sauti ile nyembamba ikiita mwizi, mwizi wa mashati, leo kaiba na goli. Nilisimama na kibendera juu, nimenyoosha mkono kama nilivyofundishwa. Ndipo kikachomoka. Nilihisi mti wake ukiteleza kwenye kiganja changu, nikageuka, nikamuona Maulidi ameruka kamba, kibendera changu kipo kwake, anakipeperusha, anakimbia kwa mwendo wangu, magoti juu, kiuno kimebinuka. Watu walikuwa wanaanguka kwa kucheka. Hata wachezaji wa Gerezani walicheka.

Mwalimu alikuwa amesimamisha mpira na anakuja kwangu. Nilimuona vizuri. Alikuwa amenyoosha kiganja chake kimetazama chini, anakishusha polepole, tulia, tulia. Ningeweza kusubiri hatua zake kumi. Nilinyoosha mkono nikamwonyesha Maulidi kidole, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Mwizi huyo. Mkamateni."

Waliokuwa karibu waliendelea kucheka, kwa sababu walijua. Waliokuwa mbali hawakujua. Wale wa barabarani waliona mtu anakimbia na kitu mkononi, na nyuma yake mtu wa nguo rasmi ananyoosha kidole. Maulidi alikuwa anakimbilia huko huko kwao, bado anacheka, ametugeuzia uso sisi. Mtu wa kwanza alimtega mguu. Niliona kibendera kinaruka hewani, kisha sikumuona tena Maulidi, niliona migongo ya watu tu na mikono inayopanda na kushuka. Kelele za kicheko na kelele za pale hazikuwa na tofauti kubwa, na kwa muda fulani zote zilikuwepo pamoja. Mwalimu alinipita anakimbia, anapiga filimbi mfululizo, filimbi ya mtu aliyesahau kwamba filimbi ni ya wachezaji. Aliingia kwenye migongo ile. Baadaye waliniambia alimlalia Maulidi kifudifudi, akamfunika, na akawa anapigwa yeye. Walipotambua nguo nyeusi ndipo wakaacha. Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye mstari wangu. Sijui kwa nini miguu haikunipeleka. Nimejiuliza sana.

Wabeba mizigo wenzake walimweka kwenye mkokoteni wakamkimbiza hospitali, redio kaseti ikarudishwa kwenye boksi, na watu wakatawanyika wakiulizana aliiba nini. Maulidi alikufa siku ya tatu. Polisi walimuuliza kila aliyekuwepo nani alianza, na kila mtu alisema umati. Nilipoulizwa mimi, nilisema umati.

Mwalimu alivunjika mkono wa kulia, na sikio lake la kushoto halikusikia tena. Kwa kuwa hakuweza kuandika, aliniita nimwandikie ripoti ya mchezo. Nilikaa sebuleni kwake, viti vimerudishwa ndani, sakafu haina chaki. Alinitajia taratibu, hali ya hewa, hali ya uwanja, dakika ya goli lililokataliwa, mimi nikiandika. Tulifika pale kibendera kilipochomolewa. "Hapo andika ulichosema," akaniambia, akageuza uso dirishani. Niliandika: Mshika kibendera alipaza sauti kuomba arudishiwe kibendera. Nikampa. Alisoma yote, mstari kwa mstari, na nilijua alipofika pale kwa sababu macho yake yalisimama. Kisha akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akasaini kama mtoto anayejifunza kuandika. Bi Zuhura alileta chai. Aliporudi uani, nilimsikia nyuma ya pazia akimwambia mtu, jirani nadhani, bila kujali sauti yake imefika wapi, "Alimlalia mtu asiye hata ndugu yake, na aliyeanzisha yote yuko ndani anakunywa chai yangu." Mwalimu hakusikia, sikio lake la upande ule lilikuwa limekufa. Nilimaliza kikombe. Niliona kukiacha kungekuwa ni kukiri.

Kamati ya ligi ilimsimamisha Mwalimu kwa kushindwa kudhibiti mchezo. Mimi walinipongeza kwa kuona kuotea kule.

Siku ya arobaini ilipokaribia, mwanamke mmoja alikuja dukani na furushi la nguo. Alivaa kanga mbili, uso mkavu, kijana kuliko nilivyotarajia. Alisema zile ni nguo za marehemu mumewe, zinagawiwa sadaka, anataka zitoke zikiwa safi. Jina lake Mwajuma. Nilipokea furushi. Wateja wote siku zile walikuwa wanahesabu mbele yangu, na mimi nilishazoea kusubiri, nikasubiri. Hakuhesabu. Alinitazama. "Ni wewe uliyekuwa na kibendera," alisema. Nikaitikia ndiyo. "Wanasema ulimwita." Nikamwambia nilimwomba anirudishie. Nilisema hivyo na furushi lake limo mikononi mwangu. Akatikisa kichwa taratibu. "Alikuwa akirudi Jumapili anatuigizia unavyokimbia," akasema. "Watoto walikuwa wanakujua wewe kuliko wanavyowajua wachezaji." Zilikuwa suruali tatu na mashati manne, moja limechanika bega la kulia, pale gunia linapokaa. Nilizipiga pasi jioni ile, na sikumbuki kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko ile.

Niliandika barua kwa kamati nikieleza nilichosema. Katibu aliisoma mbele yangu, akaikunja, akaiweka kwenye mtoto wa meza. "Msimu umeisha, kijana," alisema. "Mwalimu amesaini ripoti. Unataka tumfanye mzee yule mwongo?" Kisha akaniambia jina langu limo kwenye orodha ya msimu ujao. Nilikwenda kwa Mwalimu nikamweleza yote, nikamwambia naacha mpira. Nilizungumza upande wa sikio lake zima. "Nilikusikia siku ile ile," alisema. "Nilisaini kwa sababu mmoja alikuwa ameshakufa, na nikaona kumpoteza na wa pili ni kwa nini. Sijui kama nilifanya vizuri. Zuhura anasema nilikosea." Nikamwambia samahani. "Barua yako umempelekea asiyehusika," akasema. "Kuacha mpira ni rahisi, utakaa nyumbani ujionee huruma. Rudi mstarini ukatukanwe. Lakini kwanza nenda pale unapopajua." Nilirudi mstarini, na baadaye katikati ya uwanja, na nilitukanwa miaka mingi. Hilo ndilo yule kijana analoliona ni ustadi.

Kwa Mwajuma nilikwenda Jumapili asubuhi. Alikuwa amepanga Mtaa wa Mafia, nyumba yenye ua mkubwa nyuma, na nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka na ungo, anachagua mchele, wanawake wengine watatu wakifua kando yake. Alinionyesha kigoda. Sikukaa. Nilimwambia nilichosema dukani hakikuwa kweli. Nikamwambia neno lenyewe, na kidole nilichonyoosha, na kwamba Mwalimu alikuwa ananiashiria nitulie na nilimuona. Wale wanawake waliacha kufua. Mwajuma alichagua mawe mawili, matatu kwenye mchele, akayatupa.

"Umelisema kama unavyonong'ona msikitini," akasema. "Siku ile hukulisema hivyo."

Nikamwambia hapana.

"Liseme kama ulivyolisema. Nataka kusikia alichosikia."

Nilimwomba asinitake nifanye hivyo. Aliendelea kunitazama, nikaona hana jambo jingine analolitaka kwangu. Nilinyoosha mkono kuelekea ukutani, pasipo na mtu, nikaita kwa nguvu zangu zote. "Mwizi huyo. Mkamateni."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyodhani. Mtoto ndani ya chumba fulani akaanza kulia. Na kabla sijashusha mkono, nilisikia miguu kwenye ukumbi wa nyumba, miguu mingi, na wanaume wakaingia uani kutoka barabarani, watano, sita, mmoja ameshika mpini wa jembe, mwingine jiwe la mzani, wengine mikono mitupu. Walikuwa wauza duka na wapita njia, watu wa kawaida kabisa, mmoja bado anatafuna. "Yuko wapi?" aliuliza wa mbele.

Pale uani nilikuwa mwanamume peke yangu, na hakuna aliyenifahamu. Walinitazama mimi, kisha wakamtazama Mwajuma, wakisubiri. Mwajuma naye alinitazama. Nilimuona akifikiria, na sikumlaumu.

"Hakuna mwizi," alisema hatimaye. "Huyu ni mgeni wangu."

"Tumesikia mtu anaita."

"Ni yeye. Nilimwomba aniitie."

Walinong'ona, mmoja akasema wanawake wa nyumba hii wana mambo, wakatoka. Mwajuma akavuta ungo wake karibu, akainama kwenye mchele.

"Sasa nenda," akaniambia bila kuinua uso. "Upite mlango huo huo."

Nikapita. Walikuwa bado wamesimama nje, kwenye kibaraza, na vitu vyao mikononi. Wakasogea kidogo, wakanipisha.